Gari Dogo la Zimamoto na Upana wa Njia Zetu

Maneno yafuatayo ni mazungumzo ya mwalimu mstaafu wa ufundi katika mkutano wa wakazi wa kata. Yanachapishwa kwa ombi la waliohudhuria, yakiwa yamefupishwa kidogo.



Nimeombwa nizungumze juu ya gari hili jekundu lililo mezani. Wapo waliolipita mlangoni wakidhani ni zawadi iliyoandaliwa kwa ajili ya mtoto wa mgeni rasmi, na mzee mmoja ameniuliza kwa upole kama nimeanza kucheza tena baada ya kustaafu. Jibu langu ni kwamba ndiyo, nilicheza, tena kwa muda wa miezi mitatu, pamoja na wanafunzi 11 wa darasa la sita. Yaliyotokana na mchezo huo ndiyo yaliyonileta mbele yenu.

Sisi tuliokulia Iringa miaka ile tulitengeneza magari yetu wenyewe. Bodi ilikuwa kopo la mafuta lililokatwa na kukunjwa, ekseli ilikuwa waya, na magurudumu yalichongwa kutoka kwenye kandambili zilizochakaa, mara nyingine zisizochakaa, na hapo ndipo mtoto alipochapwa. Yalikuwa magari mazuri, lakini hayakuwa na kipimo. Dereva aliweza kuwa mkubwa kuliko nyumba yake, na lori likapita juu ya kanisa bila mtu kushangaa. Nilipokwenda kusoma ufundi Ifunda ndipo nilipofundishwa kitu kinachoitwa skeli, yaani kwamba mchoro au mfano hauna ruhusa ya kusema uongo juu ya ukubwa wa kitu. Ukipunguza urefu, upunguze na upana na kimo kwa kiasi kile kile.

Gari hili lina skeli ya moja kwa 24. Kila kilicho na mita 1 katika gari la kweli, hapa kina sentimita 4 na kitu kidogo. Mtu mzima wa kimo cha kawaida akisimama kando yake atakuwa na sentimita 7, kama kidole changu hiki. Nilipewa na rafiki Mjerumani aliyewahi kufundisha pamoja nami, siku alipokuwa akifungasha kurudi kwao. Lilikuja katika sanduku la karatasi ngumu, likiwa vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu kama embe changa kwenye tawi, pamoja na kijitabu cha michoro. Kampuni ya Revell ya Ujerumani ndiyo iliyotoa vipande hivyo, na gari lenyewe ni mfano wa Mercedes-Benz 1625, gari la zimamoto lenye tangi. Sanduku hilo lilikaa juu ya kabati langu miaka sita. Nilikuwa nikisubiri kupata nafasi, nanyi mnajua nafasi ya mwalimu hupatikana lini.

Sasa niwaeleze tulivyoliunda, kwa kuwa vijana wameniomba nisiruke sehemu hiyo. Kwanza tulizisafisha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kufulia, maana plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta mepesi yanayokataa rangi. Hatukuwa na koleo maalumu la kukatia. Tulitumia kikata kucha, kisha tukasawazisha makovu kwa msasa laini. Kila kipande kilichokatwa kiliwekwa kwenye trei ya mayai, kila tundu na namba yake, kwani kipande kikianguka sakafuni kinaweza kukupotezea jioni nzima. Kioo kimoja cha pembeni kilitupotea hivyo. Hiki mnachokiona upande wa kushoto kimetengenezwa kwa kifuniko cha dawa ya mbu.

Gundi ya plastiki haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Inayeyusha kingo mbili kidogo, zikashikana na kuwa kitu kimoja. Ukiweka nyingi, inakula ulichokuwa ukikijenga. Mtoto mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa mama yake yupo hapa, aliweka gundi kwenye mlango wa dereva kana kwamba anapaka siagi kwenye mkate, na mlango huo haufunguki hadi leo. Tulishikiza vipande kwa vibanio vya nguo na mipira ya kufungia noti mpaka vikauke.

Rangi ilitufundisha uvumilivu. Ndugu zangu, nyekundu ni rangi yenye kiburi. Tulipoipaka moja kwa moja juu ya plastiki ya kijivu ilitoka imefifia, ikafanana na tofali la kuchoma. Ikabidi tuisugue yote, tupake kwanza rangi ya msingi nyeupe, tuiache siku mbili, ndipo tupake nyekundu mara nne, nyembamba kila mara. Aliyetaka kuimaliza kwa mkupuo mmoja aliambulia michirizi. Tena ilikuwa Julai. Mnaijua Julai ya Mbeya, katika kimo hiki cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mtu akiamka asubuhi anaona pumzi yake mwenyewe. Rangi ya kupuliza ikiwa ya baridi hutoka kwa matone. Dawa yake ni kuliweka kopo katika maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, maji ambayo unaweza kutia mkono wako bila shida. Nasisitiza: maji ya uvuguvugu, wala si kando ya jiko. Kopo lile limejazwa kwa mgandamizo, na likipata joto kali hulipuka.

Nasema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeadhibiwa. Geuzeni macho mtazame ubavu huu wa kushoto, hapa nyuma ya mlango, palipokunjamana kama ngozi ya maziwa. Jioni moja umeme ulikatika. Wanafunzi walikwishakwenda makwao, nami nilikuwa nikisafisha brashi kwa thina ndani ya kikopo cha nyanya. Nikawasha mshumaa, nikauweka mezani, nikaendelea. Mvuke wa thina hauonekani, nao hutambaa chini chini juu ya meza kama ukungu wa asubuhi bondeni. Sikuwa nimegusa mshumaa. Moto ndio uliokuja kunifuata kwenye kikopo.

Nilifanya kosa ambalo ningemtoza mwanafunzi alama zote: nilichukua kikombe cha maji nikamwagia. Thina ni nyepesi kuliko maji. Ilielea juu yake ikiwa inawaka, ikamwagika nayo mezani, na moto uliokuwa ndani ya kikopo ukawa wa upana wa gazeti. Mke wangu ndiye aliyetoka jikoni na mfuniko wa sufuria kubwa ya ubwabwa, akafunika kikopo, akatupa gunia lililoloa juu ya meza, akasimama pale mpaka moshi ukaisha. Hakusema neno. Aliokota gari, akalitazama, akanikabidhi. Kwa hiyo moto wa kwanza ambao gari hili la zimamoto lilikutana nao ulitokea nyumbani kwa fundi wake, na gari halikusaidia kitu.

Watoto walipoona kovu kesho yake walitaka tuliondoe kwa msasa na kupaka upya. Nilikataa. Niliwaeleza yote, pamoja na kosa langu la maji, na nadhani walijifunza zaidi asubuhi ile kuliko katika vipindi vyangu vingi. Moto wa mafuta, wa petroli au wa thina haumwagiwi maji. Unafunikwa, unanyimwa hewa, kwa mfuniko, kwa mchanga, kwa blanketi zito lililoloweshwa na kukamuliwa. Akina mama wengi mnaokaanga maandazi mnalijua hili. Mimi mwenye cheti cha ufundi ndiye nililisahau.

Lakini sikuja kuzungumza juu ya plastiki tu. Karibu tulipomaliza, mtoto wa kike aliyekuwa akibandika stika aliniuliza maana ya maandishi haya: TLF 24/50. Nilimwambia kwamba herufi ni za Kijerumani na maana yake ni gari la zimamoto lenye tangi la maji. Namba 24 ni ya pampu, kwamba ina uwezo wa kutoa lita 2,400 kwa dakika. Namba 50 ni ya tangi, kwamba linachukua lita 5,000. Yule mtoto akakaa kimya, akachukua kalamu, kisha akaniambia, “Mwalimu, mbona maji yanaisha kwa dakika mbili?”

Nami nikakaa kimya. Nilikuwa nimelitazama gari lile miaka sita juu ya kabati bila kupiga hesabu hiyo. Lita 5,000 ni ndoo 250 za lita 20. Pampu ikitumika kwa nguvu zake zote inamaliza ndoo 120 kwa dakika. Bila shaka askari hawatumii nguvu zote kwa nyumba moja. Mpira mmoja wa maji wa kushikwa kwa mkono hutumia kiasi kidogo zaidi. Tuseme mpira mmoja utumie lita 400 kwa dakika: tangi zima litadumu dakika 12 na nusu. Ikifunguliwa mipira miwili, ni dakika 6 na robo. Baada ya hapo gari lazima lipate maji mahali, ama likae pale likiwa chuma tupu. Nimesikia mara nyingi, na hata mimi nimewahi kusema, kwamba “zimamoto walikuja bila maji.” Tangu siku ile nimeona kwamba gari linaweza kufika likiwa limejaa, na mtu aliyechelewa kufika eneo la moto akalikuta tupu.

Swali lile lilizaa jingine. Maji yakiwa yanaisha upesi hivyo, gari lisimame karibu kiasi gani na nyumba inayoungua? Na je, linaweza kusimama karibu? Ndipo niliposema na tupime.

Tuliazima utepe wa fundi mwashi. Jumamosi mbili watoto walizunguka na daftari katika kitongoji ninachoishi, kuanzia barabara kuu iendayo Tunduma mpaka nyumba za mwisho juu ya mfereji. Walipima kila njia mahali ilipo pana na mahali ilipo nyembamba. Kisha tukarudi tukakata masanduku ya sabuni na ya biskuti, tukatengeneza nyumba kwa skeli ile ile ya gari, moja kwa 24, tukazipanga sakafuni darasani kama zilivyo katika ardhi. Tuliweka na vibanda, na tanuri la matofali, na lundo la mchanga wa jirani yangu ambalo limekaa njiani tangu mwaka juzi likisubiri ukuta. Leo tumeleta sehemu ya ramani hiyo, ndiyo hii iliyo chini mbele ya meza. Wengine mmekwisha kutambua mapaa yenu. Naona mama yangu pale ananyoosha kidole.

Namwomba kijana alisukume gari. Taratibu. Hapa linatoka barabara kuu, linaingia, njia ina mita 5, haina shida. Linafika kwenye mwembe. Linakunja kushoto. Hapo hapo, simama. Mnaona?

Upana wa gari la namna hii ni mita 2 na nusu, bila vioo vya pembeni. Kwa skeli yetu ni sentimita 10 na nukta 4. Njia iliyo mbele yake, kati ya uzio wa mabanzi na msingi wa nyumba isiyokwisha, tuliipima kuwa mita 2 na sentimita 20, ambazo hapa ni sentimita 9 na kidogo. Halipiti. Mbele ya uzio huo kuna nyumba 30 na zaidi. Magari ya Jeshi letu la Zimamoto na Uokoaji si yote ya aina hii, mengine ni makubwa kuliko hili, mengine madogo. Ila upana wa lori ni upana wa lori, Ujerumani na hapa.

Nataka niwasimulie walichofanya watoto gari lilipokwama. Wa kwanza alisema tukunje vioo. Tukavikunja, bado. Wa pili alisema tulisugue gari ubavuni kwa msasa, milimita chache tu kila upande, hakuna atakayejua. Wa tatu hakusema lolote, alinyoosha kidole akaisogeza nyumba. Darasa zima lilicheka, kisha likanyamaza, maana yule aliyeisogeza alikuwa ameisogeza nyumba ya kwao.

Nyumba ya sanduku husogezwa kwa kidole. Nyumba ya tofali la kuchoma, iliyojengwa kwa mkopo wa kikundi na kwa fedha ya mazao ya misimu mitatu, haisogezwi hivyo, wala sikuja hapa kumwambia mtu abomoe. Nimejenga katika kitongoji kile kile. Uzio wangu mwenyewe umeila njia kwa sentimita 40, na watoto waliuandika kwenye daftari mbele yangu bila aibu yoyote.

Wapo mtakaoniambia kwamba moto haujawahi kutufika. Naomba tukumbuke majirani zetu. Soko la Mwanjelwa pale Mbeya mjini liliteketea mwaka 2006. Soko la SIDO liliungua mwaka 2017, na wafanyabiashara wakaona mitaji yao ikiwa majivu asubuhi. Na sisi wa Iringa hatuwezi kuisahau Idodi, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha, ambako mwezi Agosti 2009 bweni la wasichana liliungua usiku na wanafunzi 12 wakafariki. Siitaji Idodi kwa ajili ya mfano wa njia nyembamba, sivyo. Naitaja kwa kuwa huko vijijini, gari lolote la mjini, hata likipita kwa uhuru, lina safari ndefu, na kinachowaokoa watu katika dakika za mwanzo ni mlango unaofunguka na watu walio karibu. Huku kwetu gari litoke Mbeya mjini, lipite foleni ya malori ya barabara kuu, lipande na kushuka mteremko wa Iwambi. Dakika hizo hatuwezi kuzifupisha sisi. Zilizo mikononi mwetu ni zile za mwisho, kutoka barabara kuu hadi mlangoni.

Hapo zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kwa hiyo magari na askari si wa halmashauri yetu, na mtu akimlaumu Diwani kwa gari kuchelewa anamlaumu asiyehusika. Lakini mahali gari litakapopita ni pa kwetu: ni shauri la kijiji, la halmashauri, la wenzetu wa TARURA kwa barabara walizokabidhiwa, na zaidi ya wote ni shauri la mimi na jirani yangu tunaopakana.

Basi turudi sakafuni, kwa sababu hatukuishia pale gari lilipokwama. Mpira wa maji wa zimamoto hukunjwa kwa vipande, na kipande kimoja cha aina inayotumika sana huwa na mita 20. Kwa skeli yetu ni sentimita 83. Watoto walikata uzi wa katani kwa vipimo hivyo, wakaupaka rangi, wakaanza kuunganisha kutoka gari lilipokwama. Uzi hupita pale gari lisipopita. Hupita uchochoroni, hupita chini ya kamba ya nguo. Vipande sita, yaani mita 120, vilifika nyumba zote isipokuwa nne. Kumbe basi si lazima gari lifike kila mlango. Linalohitajika ni mahali pagumu pa kusimama, pasipo na tope la masika, pasipo na kalavati la magogo, kwa maana maji peke yake yana uzito wa tani 5 na gari lenyewe bado hujaliweka kwenye mzani; na nafasi ya askari kufungua milango ya ubavuni na kutembea pande zote.

Tulipoliona hilo tulianza kutafuta sehemu kama hiyo sakafuni. Tukaipata hapa, kwenye kiwanja kidogo nyuma ya kisima cha zamani. Kutoka hapo uzi ulifika hata zile nyumba nne. Ili gari lifike kiwanjani tunahitaji upana wa mita 3 na nusu katika sehemu tatu tu. Ya kwanza ni uzio wangu, nao ulirudishwa nyuma wiki iliyopita, mnaweza kwenda kuutazama. Ya pili ni lile lundo la mchanga. Ya tatu ni ule msingi usiokwisha, na juu ya huo sina la kusema mbele ya watu. Mwenye msingi amenikaribisha chai, tutazungumza kama majirani.

Kuhusu maji, kisima kile cha zamani kina maji mwaka mzima, ila mdomo wake umezibwa kwa zege na tundu lililobaki ni la kupitisha ndoo. Bomba la kunyonyea la gari la zimamoto ni nene kama paja la mtoto. Naomba Mtendaji atuandikie kwa wataalamu wa maji na kwa Jeshi la Zimamoto waje waone kama mdomo unaweza kupanuliwa na kufungwa mfuniko salama, ili watoto wasitumbukie. Nasema waje waone, kwa kuwa kazi hiyo ina wenyewe, nami najua gundi na msasa.

Niliulizwa kabla ya kikao na kijana mmoja wa bodaboda kuhusu simu. Namba ni 114, haina malipo, hata kama salio lako limekwisha. Ukipiga, usianze na kilio. Taja kata, taja kitongoji, taja jina la barabara na namba ya nyumba. Ile namba iliyobandikwa ukutani wakati wa zoezi la anwani za makazi mwaka 2022 haikuwekwa kuwa pambo. Sema kinachoungua, kama kuna mtu ndani, kama kuna mitungi ya gesi au mapipa ya mafuta. Kisha mpeleke mtu mmoja barabara kuu akalisubiri gari na kuliongoza. Nawaomba bodaboda mlichukue jukumu hilo kuwa lenu, kwa sababu nyinyi mnajua njia ipi ina tope na ipi ina lundo la mchanga.

Mzee aliyeniuliza mlangoni kama nimeanza kucheza tena ananyoosha mkono. Karibu, mzee wangu.

Ameuliza kama kitongoji chake nacho kinaweza kupimwa. Kinaweza. Gari lipo, utepe tumeurudisha kwa mwenyewe lakini amekubali kutuazima tena, na masanduku ya sabuni tutaomba dukani. Tunachohitaji kwa kila kitongoji ni watoto kumi wanaojua kugawanya kwa 24, mtu mzima mmoja wa kuzungumza na wenye mbwa, na Jumamosi mbili. Tutaanza Jumamosi ijayo saa 2 asubuhi hapa hapa ofisi ya kata. Aje na daftari, na viatu vya tope. Gari lenyewe nitaliacha kabatini kwa Mtendaji. Naomba tu lisiwekwe karibu na dirisha, kwa kuwa nyekundu hupauka kwa jua, na mlango wa dereva msijaribu kuufungua.